Asidi Amino Nilizozifundisha Adabu

Nyinyi mnaoanza kazi katika maabara za shule, na diploma zenu na makoti meupe yasiyo na hata doa moja, naomba mnivumilie kidogo. Mimi koti langu nililipokea jeupe na nikalirudisha likiwa na rangi za ramani. Cheti changu ni cha kidato cha nne, na alama niliyopata katika Kemia siitaji hapa, kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Nilifanya kazi hiyo katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya Kendu Bay mpaka nikastaafu. Watu hunisifu eti nilikuwa mwaminifu kwa shule. Ukweli ni kwamba kutoka mlango wangu hadi mlango wa maabara ni dakika kumi na mbili kwa miguu, na kurudi ni dakika nane ikiwa mke wangu anakaanga samaki. Niliwahi kupewa uhamisho wa kwenda shule kubwa Migori. Mgongo ukaniuma wiki mbili, mpaka wakampeleka mtu mwingine, na mgongo ukapona siku hiyo hiyo. Kwangu mimi Homa Bay mjini ni ughaibuni. Mtaona hapa chini kwamba nilifika huko mara moja kikazi, na nilichokifanya huko ndicho kilichonifanya nikae kuandika.

Kwanza niwaonyeshe dirisha langu. Kati ya stoo na darasa la maabara kulikuwa na kidirisha cha kutolea vifaa. Mimi nimekaa upande wa stoo juu ya kigoda changu cha miguu mitatu, wasichana wamepanga foleni upande wa pili. Kila bika, kila bureti (ile neli ndefu yenye koki ya kudondoshea tindikali), kila kishikio cha neli kilipita hapo. Na dirisha lilikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani, kwa sababu nilikuja nayo kutoka kwa mama yangu: hakuna kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Msichana akinyoosha kushoto, nilikirudisha kifaa nyuma na kusema maneno mawili.

"Mkono mwingine."

Wengi waliomba radhi wakabadilisha. Robi alikuwa wa kwanza kunijibu.

Robi alitoka upande wa Ogwedhi, kule mpakani na Narok, kwenye soko la mifugo. Mkuria, mrefu, maneno machache, na kila neno lina mwiba. Siku yake ya kwanza maabara alinyoosha kushoto, nami nikamwambia yale yangu mawili.

"Mwalimu," akasema (waliniita Mwalimu ingawa sikuwa, nami sikuwahi kuwasahihisha), "huo mwingine haujui kazi."

"Utajifunza."

"Haya. Lakini usije kuulaumu."

Akaipokea bika kwa kulia. Ilifika nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikwenda yenyewe, chini.

Sisi Wajaluo mtu wa kushoto kama yeye tunamwita racham, na hatulisemi kwa ubaya sana, lakini pia hatulisemi kwa kumsifu. Mama yangu aliamini kwamba racham ni mtoto ambaye hakufundishwa mapema. Mimi nikajipa kazi ya kumfundisha Robi kwa kuchelewa. Kila kipindi, mkono mwingine. Akavunja pipeti. Akavunja chupa ya koni. Akashika koki ya bureti kwa kulia, kama nilivyomwamuru, na chupa akaitikisa kwa kushoto, akapita kila mara pale rangi inapotakiwa kugeuka kidogo tu, maji yanakuwa ya waridi kama juisi ya kununua. Jina lake likawa linaongoza katika daftari langu la vitu vilivyovunjika, mstari juu ya mstari, na mimi nikijiona mtu wa haki.

Hapa nisimame niwape kitu kimoja cha bure. Koki ya bureti hushikwa kwa mkono wa kushoto. Kwa sisi sote. Kulia hutikisa chupa, kushoto hutawala koki. Nililijua hilo. Nimelifundisha kwa wasichana wengi kuliko nyasi za uwanja wetu. Ila kwa Robi tu, kwa sababu nilishaamua kwamba mkono ule ni wa kufichwa, nikamgeuzia. Mtu anaweza kujua kitu kwa mikono na asikijue kwa kichwa. Mimi ni ushahidi.

Sasa Madam Awuor. Alikuwa mwalimu wetu wa Kemia, mdogo kwangu, umri wa mtoto wangu wa pili, lakini kila ninachokijua katika kazi hii ambacho si cha kufagia nilikipata kwake. Alizaliwa Macalder, kwa watu wanaochekecha mchanga kutafuta dhahabu, na alikuwa na lile jicho: atakaa kimya mbele ya karai la upuuzi wako, alitikise polepole, mpaka kipande kimoja cha maana kibaki chini.

Muhula alipofika aliniomba nimtengenezee mfano wa asidi amino. Nikafungua kitabu, nikaona mchoro: herufi C katikati, vitu vinne vimeizunguka kama msalaba. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikapigilia vizibo vya soda, nikachora mistari kwa kalamu nyekundu. Nikampelekea nikiwa nimenyoosha kifua.

Alikigeuza huku na huku, mimi nimekaa kwenye kigoda changu nikingoja sifa.

"Mzee, hii ni molekuli au ni ramani ya soko?"

"Ni vile ilivyo kitabuni, Madam."

"Kitabu ni karatasi, kimelazwa. Simama kidogo."

Nikasimama. Akakivuta kigoda changu, akakiweka juu ya meza.

"Ubao huu wa kukalia ni kaboni. Kaboni ina mikono minne, si zaidi, si pungufu. Miguu mitatu hii ni mikono mitatu. Wa nne uko wapi?"

Nikatafuta chini ya kigoda.

"Usitafute. Wa nne ni wewe uliyekuwa umekaa juu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na sijawahi kusahau, kwa sababu matako yangu mwenyewe yalikuwa sehemu ya somo. Mguu mmoja ni hidrojeni, atomu moja ndogo, haina makuu. Mguu wa pili ni kundi la amino, yaani naitrojeni imebeba hidrojeni mbili. Mguu wa tatu ni kundi la asidi: kaboni nyingine yenye oksijeni mbili, na oksijeni mojawapo imebeba hidrojeni. Ndiyo sababu ya jina. Upande mmoja amino, upande mwingine asidi, kaboni moja imezishika zote mbili kama mama aliyebeba mapacha wasiopatana.

Halafu yuko anayekaa juu. Huyo ndiye anayebadilika. Kigoda ni kile kile, mgeni ndiye tofauti. Akikaa hidrojeni peke yake, inaitwa glisini, ndogo kuliko zote. Akikaa kaboni moja na hidrojeni zake tatu, ni alanini. Akikaa mwenye salfa ni sisteini, na unamjua tayari: ile harufu nywele zikiungua kwenye moto wa jikoni, huyo anahusika. Kuna mwenye pete, kuna mwenye mkia mrefu, kuna anayependa maji na anayeyakimbia. Jumla ishirini zinajenga protini za mwili.

"Ishirini tu?" nikauliza.

"Ishirini. Omena wako, maziwa ya kina Robi, misuli yako hiyo."

"Misuli yangu tuiache."

"Na zikiungana," akaendelea, "amino ya mmoja inashikana na asidi ya mwenzake, na hapo zinadondosha molekuli moja ya maji. Kila salamu, tone moja."

Tangu siku hiyo nikila omena, hao dagaa wetu wa ziwani, naona vigoda vimepangwa mstari mrefu vikitokwa na jasho. Mke wangu, ambaye nitamwita Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo, kama tunavyomwita nyumbani, husema ndiyo sababu nanenepa: nakula kwa kufikiria.

Basi, Robi akiwa kidato cha pili, jambo lake likafika mezani. Shule yetu iliwaruhusu wasichana wachache tu kuchukua sayansi zote tatu kidato cha tatu. Robi aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Alitaka kusomea maabara ya hospitali, na bila sayansi tatu mlango huo kwake ulikuwa umefungwa. Kichwa alikuwa nacho. Lakini Madam aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona mikono yao.

Nilimjibu nikiwa nafuta meza, hata sikuinua macho. Nilisema, "Huyo msichana asiwekwe karibu na kioo. Atajikata, atakata na wenzake."

Madam akalitikisa lile karai lake.

"Nimesikia," akasema. "Lakini nitampa kitu kisichovunjika. Maonyesho ya sayansi yako Homa Bay mwisho wa mwezi. Atasimamia mradi wa asidi amino. Nataka ishirini zote, si ramani ya soko. Akifuzu kwenda mbele, nitamweka katika darasa la sayansi tatu. Asipofuzu, neno lako ndilo litakalobaki."

Neno langu. Ona jinsi mtu anavyoweza kuwa mkubwa bila kuhama nyumbani.

Siku hizi mnazungusha molekuli kwenye simu kwa kidole, na ni vizuri, sibishani. Sisi tulitumia patipati, zile ndala za mpira. Patipati kuukuu hukatwa na watu wa ufukweni kuwa maboya ya nyavu, na mimi nikaiba akili hiyo. Unapasha moto kipande cha bomba, unakikandamiza kwenye soli, kinatoka kiduara safi. Unaunganisha viwili kwa gundi, unasugua kwa msasa mpaka kiwe kitunguu. Nyeusi kaboni, nyekundu oksijeni, buluu naitrojeni, nyeupe hidrojeni, manjano salfa. Vijiti ni spoku za baiskeli zilizokatwa na kunolewa ncha. Jambo moja: usichome mashimo kwa macho. Tengeneza kwanza kigezo kimoja cha bati chenye pembe sahihi, uchome zote kwa hicho, la sivyo vigoda vyako vitalewa.

Nilizifanyia kazi nyumbani, kama nilivyopenda kufanya kila kitu. Min Apiyo alitafuta patipati yake ya buluu siku tatu.

"Baba Apiyo, umeiona?"

"Sehemu yake."

"Sehemu ipi?"

"Imo katika arginini, mama. Ile inakula naitrojeni nyingi."

Hakuzungumza nami mpaka Jumapili.

Madam alikuwa amenipa mfano mmoja wa plastiki, wa dukani, wa alanini, niufuate. Akaniambia namna ya kuusimamisha: kundi la asidi juu kama kichwa, mkia chini kama miguu, na vile viwili vilivyobaki, hidrojeni na amino, vinakuelekea wewe kama mikono miwili iliyonyooshwa. "Ukiusimamisha hivyo," akasema, "amino lazima iwe kushoto. Za viumbe hai tunaziita za mkono wa kushoto. Usinibadilishie." Kisha akauchukua mfano wake akampa Robi afanyie mazoezi, maana msichana alikuwa anasoma bila kitu mkononi.

Mimi nikabaki na patipati na mawazo yangu. Nikatengeneza ya kwanza, nikaisimamisha mezani mbele yangu. Kichwa juu, miguu chini. Mkono wa kulia hidrojeni, mkono wa kushoto amino. Nikaitazama. Amino ndiyo inayoshikana na wenzake, ndiyo inayosalimia. Na hii hapa inaninyooshea mkono wa kushoto, ndani ya nyumba yangu. Nikawaza majaji, watu wazima, wakisimama mbele ya meza yetu na molekuli ishirini za Kendu Bay zinawapa mkono wa kushoto kwa pamoja. Nikasema Madam ni kijana, amesoma sana, ameteleza kidogo. Au hata kama hajateleza, kuna haja gani ya kuonyesha aibu hadharani.

Nikazigeuza zote. Amino kulia, hidrojeni kushoto. Nikazipanga kwenye katoni, kila moja katika gazeti lake, nikalala kama mtu aliyelea watoto vizuri.

Siku ya Homa Bay niliamka na mgongo. Min Apiyo akaniambia mgongo huo uende hivyo hivyo. Madam alikuwa na wasichana wengine wa mradi wa jiko la jua, wakapangwa ukumbi wa pili, kwa hiyo kwenye meza yetu tulikuwa Robi na mimi peke yetu. Ukumbi ulikuwa wa shule kubwa, una mapazia. Nilitafuta kwanza mlango wa kutokea.

Robi akafungua katoni. Akatoa alanini yangu, akaiweka kando ya ile ya plastiki aliyokuja nayo kwenye mfuko wa sweta. Akazisimamisha. Akazigeuza. Akazilaza. Akajaribu kuzipandanisha.

"Mwalimu."

"Nzuri, eh?"

"Hizi mbili hazilingani."

"Rangi tu. Ile ni ya dukani."

"Si rangi." Akavua kiatu cha kulia na cha kushoto, hapo ukumbini, akaviweka mezani juu ya kitambaa cha wenyewe. "Ni kama hivi. Vinafanana mpaka uvivae. Hizi zako zote ni za mguu mwingine."

Nikamwambia avae viatu kwanza. Kisha nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la busara, habari ya adabu, na majaji, na mkono wa kushoto. Nilipomaliza alinitazama kama ng'ombe aliyekataliwa sokoni.

"Ulizigeuza kwa sababu zinasalimia kwa kushoto."

"Kwa heshima."

"Mwalimu, simama hapo mbele yangu." Nikasimama. Akaninyooshea mkono. "Huu ni upi?"

"Wa kulia."

"Wewe unauona upande gani?"

Nikatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto. Ulikuwa hapo wazi, una vidole vitano, na nimekaa dirishani maisha yangu yote nikitazamana na watu.

"Molekuli ilikuwa inakuangalia," Robi akasema. "Ilikuwa inakupa wa kulia tangu mwanzo. Ilikuwa na adabu yake. Sasa ndiyo haina."

Nikakaa. Nilitamani nyumbani sana.

"Basi tuziache," nikasema. "Nani atajua? Hao watatazama rangi."

"Mimi nitajua."

"Robi, hii ni nafasi yako ya sayansi tatu."

"Najua ni ya nini." Akaivuta katoni kwake. "Na najua ulimwambia Madam nini. Aliniambia mwenyewe, ili nisije nikadhani ni yeye. Koleo iko wapi?"

Koleo ilikuwa mfukoni. Fundi hatembei bila koleo, hata akitembea mara moja tu.

Majaji walikuwa wameanza kona ya mbali. Na hapa ndipo uzuri wa kitu hiki ulipo, nyinyi vijana, mkishike: ukitaka kugeuza asidi amino kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, huhitaji kuibomoa yote. Badilisha vitu viwili tu nafasi kwenye ile kaboni ya katikati. Viwili vyovyote. Toa amino, toa hidrojeni, zibadilishane mashimo, imekwisha.

Tukakaa ubavu kwa ubavu, yeye kushoto kwangu. Mimi nashika na kung'oa kwa kulia, yeye anachomeka kwa kushoto. Kwa kuwa mikono yetu ya kazi ilikuwa nje, viwiko havikugongana hata mara moja. Sijawahi kufanya kazi na mtu kwa ulaini ule. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vidogo, vya haraka, havitetemeki. Spoku inaingia shimoni mara ya kwanza. Nilikuwa navitazama nikisahau kung'oa.

"Mwalimu, koleo."

"Ndiyo, Madam," nikajibu, kwa kusahau, na sote wawili tukajifanya hatukusikia.

Nilipofika kwenye glisini akanizuia. "Hiyo iache. Mkia wake ni hidrojeni na mkono wake ni hidrojeni. Hata ukiigeuza yenyewe haina habari." Akaiweka kando. "Inafanana na wewe. Haina kulia wala kushoto, na haijawahi kwenda popote."

Hivyo nikapata jina ambalo mpaka leo wasichana wa zamani wananiita barabarani.

Moja baada ya nyingine tukazimaliza, ikabaki prolini. Prolini ni kisirani: mkia wake umejikunja ukauma naitrojeni yake mwenyewe, kwa hiyo huwezi kuitoa amino bila kuvuruga mkia. Nikaanza kuvuta, pete nzima ikapinda. Na jaji akawa amefika. Mwanamume wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Mbona unaivunja kazi yako?" akamwuliza Robi.

"Siivunji. Naigeuza. Imetengenezwa kinyume."

"Na hizi?"

"Zote zilikuwa kinyume, isipokuwa glisini. Hii imebaki kwa sababu amino yake imefungwa na mkia. Nitabadilisha asidi na hidrojeni badala yake. Ni sawa tu, bora ziwe mbili." Akachomoa, akachomeka, kwa kushoto, mbele ya macho yake. Akaisimamisha kando ya nyingine.

Jaji akaitazama, akamtazama. "Nani alizikosea?"

Robi akawa anapanga glisini ambayo ilishapangwa. Sijui kama alikuwa ananifichia au ananiachia nafasi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nazifundisha adabu."

Akataka kuelewa, nikamweleza. Alicheka mpaka miwani ikabaki kwenye kamba. Kisha akaandika kwa muda mrefu, akapeana mkono na Robi, na Robi akampa wa kushoto, naye akaupokea bila kusema neno.

Tukawa wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliokwenda mbele. Kwenye karatasi yetu waliandika kwamba maelezo yalikuwa bora, lakini vielelezo havikuwa tayari wakati wa kukaguliwa. Vielelezo. Yaani mimi.

Robi aliisoma karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye katoni chini ya magazeti. Hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Madam Awuor maabara kabla ya kengele. Orodha ya sayansi tatu ilikuwa mbele yake, kalamu mkononi. Nikamweleza yote: patipati, adabu, viatu mezani, koleo. Nikamweleza na habari ya koki ya bureti. Hakucheka popote, hata pale jaji alipocheka.

"Kwa hiyo, Mzee," akasema mwishoni, "vyombo vyote vile vilivyovunjika, ni mkono wa nani uliokuwa ukivivunja?"

Nikafungua daftari langu. Kwenye kila mstari wenye jina la Robi nikalikata, nikaandika langu. Ilichukua muda. Madam alingoja mpaka nikafika chini ya ukurasa, ndipo akaandika kwenye orodha.

Robi siku hizi anachukua damu za watu katika hospitali moja Migori. Nasikia kuna wazee wanaolalamika kwamba daktari anawadunga kwa kushoto, na nasikia anawajibu. Katoni ya patipati iko bado maabara, mtaikuta juu ya kabati. Msiibadilishe kitu. Mimi kigoda changu nilikibeba, niko nyumbani, na mgongo haujaniuma tena kwa kuwa hakuna anayetaka kunihamisha.

Lakini ile Jumatatu, baada ya orodha, kidato cha pili kilikuwa na kipindi cha vitendo. Nilikaa dirishani kama kawaida. Foleni ikasogea. Robi alipofika, nikamwekea bureti kizingitini, mpya, ile niliyokuwa nikiificha kwa ajili ya wakaguzi. Alikuwa ameshazoea. Alinyoosha mkono wa kulia kabla hata sijafungua mdomo.

Nikairudisha bureti nyuma.

"Mkono mwingine," nikasema.